Chumba cha Kufanyia Kazi Nairobi: Kutoka Tanga hadi Nyuma ya Adams Arcade

Nimerudi Tanga, nguo zimeshafuliwa, na maswali kwenye simu hayaishi. Nairobi ulikaa wapi? Kwa bei gani? Mtandao ukoje? Nimeona nikusanye yote hapa, kutoka kwenye daftari na picha za risiti nilizokuwa nikipiga kila jioni.

Kazi yangu ni kutengeneza manukuu ya video na kuhariri tafsiri kwa wateja wa Ulaya. Mafaili ni mazito na mikutano ya video huwa mchana. Nairobi nilifuata darasa la kuhariri sauti, jioni mbili kwa wiki, kwenye Barabara ya Ngong. Kwa hiyo sikuwa natafuta hoteli, wala nyumba ya kupanga mwaka mzima. Nilitaka chumba chenye meza, cha mwezi wa Agosti. Bei zote hapa ni shilingi za Kenya. Kwa wakati huo moja yao ilikuwa kama ishirini za kwetu.

Jumamosi: Tanga, Horohoro, Likoni

Hiace ya Horohoro iliondoka ilipojaa, na ilijaa haraka. Mpakani unamalizana na Tanzania na Kenya ndani ya jengo moja, dirisha kwa dirisha. Afisa aliangalia pasipoti na kadi ya homa ya manjano, akauliza nafikia wapi, akagonga muhuri. Wabadilisha fedha wanakungoja nje kabla hata hujaweka pasipoti mfukoni. Badili kiasi cha nauli na chakula tu, uhesabu noti mwenyewe, mbele yao, bila haraka.

Kwa wanaouliza vibali: sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hatuhitaji viza. Wageni wengi wa nchi nyingine, tangu Januari 2024, wanaomba idhini ya mtandaoni, ile eTA, kabla ya kusafiri. Mwaka huohuo Kenya ilitangaza kibali cha daraja N kwa wageni wanaofanya kazi za mtandaoni zinazolipwa kutoka nje. Anayetaka kukaa muda mrefu aulizie Uhamiaji mapema. Sote tusome muhuri una siku ngapi kabla ya kuondoka dirishani, maana ni mwandiko wa kalamu na haraka.

Kutoka Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, matatu ilisimamishwa na polisi mara nyingi kuliko nilivyojisumbua kuandika. Likoni unashuka, unavuka na kivuko kwa miguu bila kulipa kitu, umeingia Mombasa. Nililala kwa shangazi, Mji wa Kale. Viazi karai kwa ukwaju, shikamoo kwa majirani wote, na laini ya simu niliyosajili kwa pasipoti kwenye duka la kampuni yenyewe. Laini isajili kwa jina lako hapohapo unapofika, kwa sababu Nairobi bila M-Pesa hata kununua maji ya kunywa kunaweza kukushinda.

Shangazi aliniuliza kwa nini niende mpaka bara kutafuta intaneti wakati nyaya zenyewe zinatokea baharini. Ana hoja. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009. Lakini kazi za watu kama mimi hazifuati waya, zinafuata watu. Na Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, Tanga na Nairobi sote tulibaki tukitazama kiduara kinazunguka. Tangu siku ile sikubali chumba chenye njia moja tu ya mtandao.

Jumapili: Miritini hadi Kilimani

Treni ya Madaraka, ya Mombasa hadi Nairobi, daraja la kawaida, ni 1,500. Ilikuwa 1,000 mpaka ilipopandishwa mwanzoni mwa 2024. Tiketi inakatwa kwa *639# na kulipiwa kwa M-Pesa, kwa hiyo asiye na laini ya Kenya ahitaji mwenyeji. Binamu yangu alinikatia siku kadhaa kabla. Agosti shule zimefungwa na mabehewa hujaa.

Stesheni ya Miritini iko mbali na kisiwa, toka mapema. Kabla ya kuingia, mabegi yanapangwa mstari chini, abiria wanasogea kando, na mbwa wa polisi anapita akinusa. Langu lilikuwa na ubuyu na ng'onda, samaki wakavu, wa zawadi. Mbwa alisimama, akafikiri, akamtazama askari wake, akaendelea. Watu walicheka, na mimi nikajifanya begi si langu.

Viti vinatazamana na magoti yanagusana, huwezi kusafiri bila kuzungumza. Mbele yangu alikaa mama aliyekuwa anarudi kwake Kitengela, na mfuko wa mihogo ya kukaanga uliozunguka kwetu wote bila mtu kuombwa. Nikamweleza natafuta nyumba ya mwezi. Akauliza nimeshaulizia nini. Nikataja bei, mtandao, usalama.

"Maji hujauliza?" akasema. "Nairobi uliza maji kwanza. Na usimuulize mwenye nyumba. Uliza soja wa geti."

Soja ni mlinzi. Niliandika maneno yale kwenye daftari tukiwa Tsavo, tembo wekundu kwa vumbi wakipita chini ya reli, na mwandiko wangu umeyumba kwa sababu kila mtu alihamia dirisha la upande wangu.

Syokimau tulifika usiku. Ipo treni ndogo inayopeleka abiria hadi stesheni ya katikati ya jiji, na mchana ningeipanda bila kufikiri. Usiku, na kompyuta begani, nilichukua teksi ya programu ya simu, 1,150 hadi Kilimani. Dereva aliuliza swali ambalo mgeni yeyote ataulizwa: "Tupite juu ama chini?" Juu ni barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na ushuru ni wako abiria. Chini ni Barabara ya Mombasa. Jumapili usiku chini kulikuwa kweupe.

Jumatatu: Kilimani, ghorofa ya tisa

Kilimani ndiko kila mtu anakokutuma. Ukitafuta chumba cha kufanyia kazi Nairobi, nusu ya picha ni za huko: kioo kutoka sakafu hadi dari, kochi la kijivu, mmea mmoja wa plastiki. Changu kilikuwa hivyohivyo, karibu na Yaya Centre, 3,800 kwa usiku, nikalipia hadi Jumamosi.

Na sifa zake ni za kweli. Faiba, mtandao wa waya, ilikuwa na kasi. Faili ambalo nyumbani linanichukua muda wa kupika wali lilipanda nikiwa bado napanga vitabu mezani. Unatembea kwa miguu dukani, kwa kinyozi, kwenye kahawa. Usiku barabara kubwa zina watu na taa. Mwanamke anayefika peke yake, hajui mji, siku za mwanzo akae Kilimani tu, hatajuta.

Saa moja asubuhi nyundo ya zege ikaanza. Nikafungua pazia. Mbele jengo linapanda, kushoto jengo linapanda, na nyuma ya lile la kushoto kreni ya tatu. Picha za chumba zilipigwa kabla ya majirani hao kuanza, au zilipigwa Jumapili. Mkutano wangu wa saa nane mchana niliufanyia bafuni, mlango umefungwa, kompyuta juu ya kapu la nguo. Mteja akasifu ukimya.

Chai ya jioni ilikuwa na chumvi. Maghorofa mengi ya huku yamechimba visima vyao kwa sababu maji ya kaunti ni ya mgao, na maji ya visima vya Nairobi yana floraidi nyingi. Kuoga sawa, kunywa hapana. Kila mtaa una duka la kujaza maji yaliyosafishwa. Nunua dumu lako mara moja, halafu unajaza kwa bei ndogo.

Jumanne: giza

Umeme ulikatika saa tano asubuhi. Jenereta ya jengo ikanguruma, taa za korido zikarudi, lifti ikarudi. Chumbani kwangu kimya. Tangazo lilisema "jenereta ipo". Nikashuka kwa msimamizi wa jengo, wenyewe wanamwita keateka.

"Jenereta ni ya lift na geti, madam. Kwa nyumba ni ile ya wale walilipia."

Alisema bila ubaya wowote, na akaniruhusu nikae ofisini kwake, kiti cha plastiki kando ya paneli ya swichi, nikamalizia kazi kwa bando la simu. Akaninunulia hata mandazi. Hapo ndipo nilipoanza kumhoji kama yule mama wa Kitengela alivyonituma. Maji yanakuja lini? Vyumba vipi vinasikia muziki wa baa za nyuma? Akanitajia upande wa jengo na siku zenyewe, Alhamisi hadi Jumapili, mpaka alfajiri. Chumba changu kilikuwa upande huo.

Jioni nilienda darasani kwa matatu namba 46, shilingi 50. Narudi mvua imenyesha kidogo, nauli imekuwa 80. Zoea. Nauli ya Nairobi inapanda na mawingu. Na ndani ya matatu simu ikae mbali na dirisha lililo wazi, mkono wa kuichukua utatoka nje ya gari.

Kwa umeme, ushauri wangu ni huu: Barabara ya Luthuli, katikati ya mji, ndiyo mtaa wa vifaa vya elektroniki. Huko wanauza betri ndogo ya kuwashia ruta peke yake. Nilipata kwa 2,400 baada ya kuvutana. Kompyuta ina betri yake na ruta ina yake. Umeme ukiondoka kwa muda wa saa tatu wewe huna habari. Plagi ni zilezile zetu za pini tatu.

Jumatano: Kileleshwa na Westlands

Kazi niliimaliza alfajiri, nikaenda kuzunguka. Kileleshwa ni kuzuri: miti, vivuli, ndege wanasikika. Lakini nilitembea muda mrefu bila kuona mtu anauza hata nyanya, na matatu unazifuata mbali. Ni mtaa wa mwenye gari. Soja mmoja, mzee wa Kitui, nilimwamkia shikamoo akashangaa kidogo, akanitolea kiti. Akaniambia wapangaji wa muda mfupi hapo hawakai. Wanakuja, wanalalamika teksi zinawamaliza, wanahama.

Westlands nilimaliza kwa kikombe cha kahawa cha shilingi 400. Ofisi, mahoteli, maduka makubwa, vyumba kuanzia 4,500. Mwenye kazi yake huko akae huko.

Jioni nilimpigia ajenti aliyekuwa na picha nzuri za Lavington. Akataka 1,000 ya kuonyeshwa nyumba, ilipwe kabla. Wengine wanadai hiyo ada kihalali na wanakuonyesha nyumba nyingi. Wengine wanachukua pesa na simu haipokelewi tena. Kwangu kanuni ni moja: hakuna pesa kabla sijasimama ndani ya chumba. Akakata simu.

Alhamisi: Roysambu

Rafiki aliyesoma Nairobi aliniapia kwamba ningeokoa nusu ya pesa Barabara ya Thika, ile kubwa iliyokamilika 2012. Ni kweli. Roysambu, nyuma ya yale maduka makubwa wanayoyaita TRM, vyumba vyenye samani vilikuwa 1,800 kwa usiku, na kwa mwezi mwenyewe mmoja alishuka hadi 32,000 kabla hata sijafungua mdomo. Chini ya kila jengo kuna kibanda cha chapo na madondo, yaani chapati na maharage, sahani 100, unashiba mpaka usiku. Kinyozi, fundi simu, mama wa mboga, duka la dawa, vyote ndani ya hatua chache, na watu wako macho saa zote. Kijana anayefanya kazi ya kompyuta na hana pa kwenda, sijui kwa nini alipe Kilimani.

Chumba nilichoonyeshwa kilitazamana na dirisha la jirani. Ningeweza kumpa chumvi bila kutoka nje. Nikamngoja mwenyewe aondoke, nikarudi kwa keateka.

"Net iko sawa," akasema, "mpaka saa moja jioni. Wanafunzi wakirudi, hiyo ni story ingine."

"Na maji?"

"Maji iko. Si saa hizi, lakini iko."

Nikapiga picha ya matangi juu ya paa: mawili, kwa ghorofa saba. Halafu nikafanya jaribio ambalo naona lingeokoa watu wengi: badala ya kukisia, nilisafiri kutoka pale hadi darasani saa ileile ningesafiri kila wiki. Matatu moja hadi mjini, kutembea katikati ya jiji kutafuta stendi nyingine, kisha Barabara ya Ngong. Karibu muda wa saa mbili njiani, 150 kwenda tu. Niliingia darasani wenzangu wameshafika zoezi la pili.

Kati ya magari hayo mawili nilipita Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931. Zamani ilikuwa ya Wazungu tu. Sasa unalipa kiingilio kidogo, unapata meza pana na kimya. Kwa kusahihisha kwenye karatasi au kazi isiyohitaji mtandao, sijaona pazuri zaidi katikati ya mji kwa bei ile.

Usiku huo, Kilimani, muziki wa baa ulianza kama keateka wa pale alivyonieleza. Niliutumia kuhariri nyimbo za zoezi la darasa, maana kulala hakukuwepo.

Ijumaa: Toi na Makina

Baridi ya Nairobi ya Agosti haielezeki kwa mtu wa pwani. Jua halitoki mpaka mchana, siku nyingine halitoki kabisa. Nilivaa nguo mbili, nikaenda Soko la Toi kutafuta sweta.

Toi ni mitumba mpaka macho yachoke. Sweta la sufi, zito, halina tundu, 250; muuzaji alianza na 600, nikamwambia mimi si mtalii, akaniuliza kwa nini basi natetemeka. Tulicheka tukakubaliana. Pembeni unaingia Makina, sehemu ya Kibra wanakokaa Wanubi, wajukuu wa askari Wasudani walioletwa na jeshi la Waingereza. Wameishi hapo zaidi ya karne, na hatimiliki ya ekari 288 walikabidhiwa mwaka 2017 tu. Sikuwa nimepanga kufika. Nilifuata harufu ya iliki.

Mama mmoja alikuwa anachoma gurusa, chapati zao nyembamba, anamimina uji wa unga juu ya chuma cha moto na kuueneza kwa mzunguko mmoja wa kiganja, haraka kiasi kwamba nilitazama tatu zikiiva kabla ya kuelewa mkono unafanya nini. Nikaamkia, akaitikia marahaba, akauliza, "Wewe wa Tanga ama wa Lamu?" Kaka yake aliwahi kufanya kazi bandarini kwetu. Baada ya gurusa mbili na chai ya tangawizi, 70 kwa jumla, alikuwa ameshajua natafuta nini, nalipa ngapi Kilimani, na kwamba sijaolewa.

"Vuka barabara ulipe mara mbili, kwa nini?" akasema. "Kuna majengo hapa Woodley. Binti wa ndugu yangu anafagia moja."

Akamwachia jirani chuma chake, Ijumaa, watu wakikaribia kutoka msikitini, saa ambayo biashara yake ndiyo inachanganya. Akanipeleka mwenyewe. Nilipomwambia atapoteza wateja alinijibu wateja wana njaa, hawaendi popote.

Jengo liko nyuma ya Adams Arcade, mahali ambapo mkahawa wa kwanza wa Java ulifunguliwa mwaka 1999. Ghorofa nne, halina lifti. Chumba cha pili juu, meza ya mbao ya kweli, dirisha linatazama mwembe na ukuta wa shule. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alikuja na funguo na kitambaa cha kufutia vumbi. Nikamwomba ruhusa nichunguze, akasema chunguza.

Nilifungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, nikaacha maji yatiririke huku navuta choo. Nguvu haikupungua. Nikaonja: matamu, ya kaunti. Nikapandisha faili la video nikiwa nimekaa mezani, si mlangoni karibu na ruta, kisha nikazima ruta nikajaribu kwa laini ya simu. Nikauliza namba ya mita ya umeme. Ni tokeni, LUKU yao, unalipa kwa M-Pesa namba 888880, na mita ilikuwa ya chumba changu peke yangu. Hilo lichunguze sana, maana mita ya kuchangia ni ugomvi wa kila wiki. Nikanyamaza kidogo nisikilize: watoto wakicheza, adhana, honi za mbali za Barabara ya Ngong.

Kisha nikashuka kwa keateka, yule binti akiwa shahidi. Maji ya kaunti siku mbili kwa wiki, matangi sita, hayajawahi kukauka ila kipindi cha ukame. Umeme unakatika, jenereta hakuna. Kampuni ya mtandao iliyoingia jengo ni moja tu, usitegemee kubadili. Alinipa mabaya yote bila kusukumwa, na mimi mtu anayeanza na mabaya namwamini.

Bei: 38,000 kwa mwezi, maji na mtandao ndani, tokeni juu yangu, dipoziti 10,000. Nikaomba nilale usiku mmoja kwanza kwa kulipia. Mwalimu akafikiri, akasema 1,500, na ukikubali naikata kwenye kodi. Nilituma pale pale.

Jumamosi: kuhama

Nililala kama mtoto. Asubuhi nikarudi Kilimani kufungasha, keateka wa pale akanisaidia begi hadi kwenye teksi na kukataa pesa. Ng'onda nilimpelekea mama wa Makina pamoja na ubuyu. Alinusa mfuko akasema sasa hawa watanuka mpaka Langata, akacheka, akampigia mtu simu aje na unga wa ugali.

Wiki zilizobaki

Sitazisimulia moja moja, nilikuwa kazini. Umeme ulikatika mara kadhaa, betri ya ruta ikabeba. Mtandao ulilala alasiri moja nzima, nikahamia mkahawa wa jirani, kikombe kimoja cha chai ya maziwa kwa muda wa saa tatu, mhudumu haniulizi kitu. Siku ya mkutano mrefu nililipia nafasi ya ofisi ya pamoja, 1,500 kwa siku: kiti kizuri na kibanda cha simu, lakini kwa kila siku ni ghali kuliko kodi yenyewe. Darasani nilikuwa naenda kwa miguu. Usiku wa kurudi tulitembea kundi, na aliyebaki peke yake alichukua boda ya programu. Barabara ya Ngong yenyewe ina taa, ila vichochoro vya kuelekea Toi usipite saa hizo, wenyeji nao hawapiti.

Matumizi yangu Woodley kwa wiki, nje ya kodi: chakula kama 3,500, nikipika jioni na kula nje mchana, tokeni 500, nyingi zilienda kwenye maji ya moto kwa sababu ya ile baridi, bando la akiba 500, nauli kidogo mno kuandika. Sukuma wiki na nyanya zinauzwa getini, zimekatwa tayari ukitaka.

Wenye watoto au gari wananiuliza South C na Lang'ata. Sikulala huko, nilitembelea tu marafiki. South C nilipenda chakula chake na misikiti yake, na ndege ndogo za uwanja wa Wilson utazisikia asubuhi. Masika waulize wenyeji kuhusu barabara za ndani kujaa maji kabla ya kulipa.

Siku ya kuondoka mwalimu alikagua chumba na kitambaa chake kilekile. Glasi moja ilivunjika, akakata 150, na dipoziti iliyobaki akaituma M-Pesa tukiwa bado ngazini. Niliihamishia kwenye Vodacom yangu kabla sijapanda treni, inawezekana moja kwa moja kutoka laini ya Safaricom. Namba yake aliniruhusu kuwapa watu, lakini kwa sharti: wapiga ngoma hapana, na mpigie baada ya saa kumi, kabla ya hapo yuko shambani kwake na simu ameiacha nyumbani.